Roketi ya hatua mbili: Siri ya kimo na hatari ya kuwasha hatua ya pili kiholela

NA MWANDISHI WETU

MTU akisimama kwenye daraja linalounganisha mji wa Mbita na Kisiwa cha Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay, huwa yuko chini ya nusu digrii kusini mwa Ikweta na zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwanafunzi wa fizikia anayeota kurusha roketi yake kupita kimo cha roketi za wenzake, takwimu hizo mbili huonekana kuwa baraka. Moja kati yake ni baraka kweli, ingawa ndogo. Nyingine haimsaidii kitu. Kuna jambo la tatu, nalo ndilo huamua kama roketi itavunja rekodi au itavunja paa la jirani: hali iliyopo katika sekunde ile ambapo hatua ya kwanza imekwisha kuwaka na ya pili haijashika moto.

Makala haya yanaeleza roketi ya hatua mbili ni nini, inavyojengwa, inavyorushwa na jinsi kimo chake kinavyothibitishwa. Yanaeleza pia yale ambayo klabu ya sayansi katika eneo kama Mbita haina budi kuyatimiza kabla ya kuwasha chochote.

Maana ya hatua

Roketi ya hatua mbili ni roketi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya chini huwaka kwanza, ikaisukuma ile ya juu, kisha huachana nayo na kuanguka. Ya juu huwaka ikiwa tayari ina kasi, na haibebi tena mzigo wa bomba, mapezi na mota iliyokwisha kuteketea.

Faida yake hutokana na kanuni aliyoichapisha Mrusi Konstantin Tsiolkovsky mwaka wa 1903. Kanuni hiyo yasema kwamba kasi ambayo roketi hupata hutegemea mambo mawili: kasi ya gesi zinazotoka nyuma, na uwiano wa uzito wa roketi kabla na baada ya fueli kuteketea. Kila gramu isiyo na kazi inayoendelea kubebwa huupunguza uwiano huo. Ndiyo maana ni heri kuitupa.

Chukua mfano wa karatasi, bila kuhesabu hewa wala mvutano wa dunia. Tuseme roketi nzima ina gramu 92. Sehemu ya juu ina gramu 54, na kati ya hizo 12 ni fueli. Sehemu ya chini ina gramu 38, na humo pia 12 ni fueli. Gesi zinatoka kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde, kadiri ya kawaida kwa mota ndogo za baruti nyeusi. Fueli yote ikiteketea bila kutupa chochote, roketi hupata kasi ya mita 242 kwa sekunde. Ikiitupa sehemu ya chini mara inapokwisha kuwaka, hupata mita 112 kwa hatua ya kwanza na 201 kwa ya pili, jumla mita 313 kwa sekunde. Fueli ni ile ile, lakini kasi imeongezeka kwa takriban asilimia 29. Na kwa kuwa kimo, pasipokuwa na hewa, hufuata mraba wa kasi, roketi hiyo ingepanda zaidi ya mara moja na nusu ya kimo cha awali.

Hewa ikiingizwa katika hesabu, faida hiyo hupungua sana, kwa sababu ukinzani wa hewa nao hufuata mraba wa kasi: kasi ikizidishwa mara mbili, ukinzani huzidishwa mara nne. Mjenzi mwerevu hufikiria wembamba na ulaini wa umbo kabla ya kufikiria mota kubwa zaidi.

Historia hadi pwani ya Kenya

Ushahidi mkubwa wa kwanza ulipatikana tarehe 24 Februari 1949 katika uwanja wa White Sands, New Mexico, Marekani. Wahandisi walipachika roketi ndogo iitwayo WAC Corporal juu ya roketi ya V-2 waliyoiteka kutoka kwa Wajerumani, na jozi hiyo ikaitwa Bumper. Peke yake, WAC Corporal ilikuwa ikifika takriban kilomita 70. V-2 peke yake haikuwa ikizidi sana kilomita 200. Zikiwa pamoja, hatua ya pili ilifika takriban kilomita 393, yaani kimo kilichozidi jumla ya vimo vyao viwili. Majaribio yaliyotangulia hayakuwa yamefaulu kikamilifu, hasa kwa sababu ya ugumu wa kuwasha mota ya pili roketi ikiwa tayari iko angani.

Wasomaji wengi hawafahamu kwamba roketi za kwanza kurushwa kutoka pwani ya Kenya zilikuwa pia za hatua mbili. Mnamo Machi 1964, miezi mitatu tu baada ya uhuru, Waitaliano walioongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha roketi za aina ya Nike-Apache kutoka jukwaa lililosimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mota ya Nike, iliyokuwa nzito na yenye nguvu, iliwaka kwa sekunde chache tu na kuanguka. Apache, iliyokuwa nyembamba, haikuwashwa papo hapo. Iliachwa ipae kwa kasi iliyokwisha kuipata hadi ifike kwenye hewa nyepesi, ndipo ikawaka. Kwa mtindo huo roketi ya aina hiyo iliweza kupita kilomita 150 ikibeba vifaa vya kuchunguza tabaka za juu za hewa.

Baadaye kituo hicho cha San Marco kilitumia roketi ya Scout yenye hatua nne, zote za fueli yabisi, kupeleka setilaiti 9 kwenye mzingo kati ya 1967 na 1988. Mashuhuri zaidi ni ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa unajimu wa miale ya eksirei. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2002.

Setilaiti ya Taifa-1 ya Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) nayo ilipelekwa angani tarehe 15 Aprili 2023 na roketi ya hatua mbili, Falcon 9, kutoka Vandenberg, California. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Wenye mabilioni ya dola hungoja upepo utulie. Sembuse klabu ya shule.

Nyumbani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), Juja, wamekuwa wakibuni na kujaribu roketi zao katika mradi uitwao Nakuja. Hao hufanya kazi chini ya usimamizi wa chuo, mota hufungwa kwenye fremu na kupimwa ardhini kabla ya kurushwa, na michoro yao wameiweka wazi ili wengine wajifunze. Huo ndio utaratibu unaofaa kuigwa.

Ujenzi wa roketi ndogo

Roketi ya kielelezo hujengwa kwa vitu vyepesi ambavyo vikianguka havidhuru: bomba la karatasi ngumu au karatasi ya manila iliyoviringishwa, ncha ya plastiki au mbao laini, na mapezi ya mbao nyepesi iitwayo balsa. Chuma hakina nafasi katika mwili wake.

Mota ndogo za viwandani hutambulishwa kwa herufi na tarakimu mbili. Herufi huonyesha jumla ya msukumo. Daraja A hukomea nyutoni-sekunde 2.5, B 5, C 10 na D 20, kila daraja likiwa maradufu ya lililotangulia. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa kani kwa nyutoni. Ya pili ni sekunde za kusubiri kabla ya baruti ndogo kulipuka na kusukuma parachuti nje. Kwa hivyo C6-7 ni mota ya daraja C, yenye kani ya wastani ya nyutoni 6 na ngojo ya sekunde 7. C6-0 haina ngojo wala baruti ya parachuti: hiyo ndiyo mota ya hatua ya kwanza.

Roketi ya gramu 92 tuliyoitaja ina uzito wa takriban nyutoni 0.9. Kani ya nyutoni 6 ni zaidi ya mara sita ya uzito huo, na wataalamu hupendekeza isipungue mara tano. Sababu ni kwamba mapezi hayafanyi kazi roketi inapokuwa imesimama. Ni lazima iwe na kasi ya takriban mita 13 hadi 15 kwa sekunde inapoacha fimbo au reli inayoiongoza, la sivyo upepo mdogo tu utaiyumbisha.

Uthabiti ndio mtihani wa pili. Kila roketi ina kitovu cha uzito, yaani mahali inapoweza kusawazishwa juu ya kidole, na kitovu cha kani ya hewa, ambapo nguvu za hewa inayoipiga ubavuni hukutana. Cha kwanza sharti kiwe mbele ya cha pili kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha bomba. Katika roketi ya hatua mbili sharti hili hutimizwa mara mbili: roketi ikiwa nzima, na sehemu ya juu ikiwa peke yake. Mota ya chini hukivuta kitovu cha uzito nyuma, ndiyo maana mapezi ya chini aghalabu huwa makubwa kuliko ya juu. Programu ya OpenRocket, inayopatikana bila malipo, huyahesabu haya yote na kukadiria kimo. Hata bila kompyuta, roketi iliyofungwa uzi kwenye kitovu chake cha uzito na kuzungushwa hewani, ikiwa na mota zake, huonyesha kama ncha yake inatangulia au la.

Hatua ya chini, ikiwa nyepesi, haihitaji parachuti. Hupangwa ipoteze uthabiti mara inapoachana na nyingine, ikawa inabingirika hewani na kuanguka polepole. Ikiwa nzito, sharti iwe na parachuti yake.

Sekunde ya maamuzi

Zipo njia mbili za kuwasha hatua ya pili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: mota ya chini inapomaliza fueli, moto hupenya mbele na cheche zake kuingia katika mdomo wa mota ya juu. Hutumika kwa mota za baruti nyeusi pekee. Uzuri wake ni kwamba hakuna kusubiri. Roketi ingali na kasi, ingali wima, na huwa haijapata muda wa kuinama.

Ya pili ni ya kielektroniki. Kompyuta ndogo iliyomo ndani ya roketi hupima mchapuko, muda na shinikizo la hewa, kisha hupeleka umeme kwenye kiwashio. Mota kubwa za fueli mseto huhitaji njia hii. Humwezesha mjenzi kungoja, kama Apache ilivyongoja, ili mota ya pili isiteketeze nguvu zake kupambana na hewa nzito.

Hapa wengi hupotoka. Husikia kwamba roketi kubwa hungoja, nao wakataka kungoja. Lakini hewa hupungua hadi nusu ya uzito wake kwenye kimo cha kati ya kilomita 6 na 7. Kwa roketi ndogo inayokwenda mita mia chache, hewa ya juu ni karibu sawa na ya chini, na kungoja hakuleti faida yoyote ya maana. Kunachofanya ni kuipa roketi nafasi ya kupunguza kasi, na ikipunguza kasi huinama. Mvutano wa dunia huipinda njia yake, na upepo huigeuza ncha yake kuukabili.

Tuangalie gharama ya kuinama. Ikiwa hatua ya pili itawaka roketi ikiwa imeinama nyuzi 30 kutoka wima, asilimia 87 ya kasi mpya huenda juu. Kwa kuwa kimo hufuata mraba, robo ya kimo ambacho mota hiyo ingekiongeza imepotea. Ikiinama nyuzi 60, nusu tu ya kasi huenda juu, na asilimia 87 huenda pembeni. Roketi inayotupwa kwa mita 200 kwa sekunde ikiwa imeinama nyuzi 45 ingeanguka kilomita 4 mbali kama hakungekuwa na hewa. Hewa huupunguza umbali huo sana, lakini hata robo yake yatosha kutoka uwanja wa shule hadi sokoni.

Hivyo kanuni ya msingi ni hii: hatua ya pili isiwake ila imejihakikishia kwamba inaelekea juu. Kompyuta nzuri hupewa masharti matatu kabla ya kuwasha. La kwanza, kimo kiwe kimefikia kiwango kilichotarajiwa kwa wakati huo. La pili, kasi isiwe imeshuka kupita kiasi. La tatu, jairoskopu ionyeshe kwamba roketi haijainama kupita nyuzi zilizowekwa, tuseme 15 au 20. Sharti moja likikosekana, mota haiwashwi. Parachuti hufunguliwa na roketi hurudi na fueli yake. Siku hiyo rekodi imepotea, lakini roketi ipo na watu wako salama.

Mbita: Kimo, upepo na watu

Turejee sasa kwenye zile takwimu mbili. Ikweta huzifaa roketi zinazopeleka setilaiti kwenye mzingo, kwa sababu ardhi huko huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban mita 465 kwa sekunde, na roketi huirithi kasi hiyo. Ni moja ya sababu zilizowaleta Waitaliano Malindi. Roketi inayopanda wima kutafuta kimo tu haipati faida hiyo.

Mwinuko wa Ziwa Viktoria, kwa upande mwingine, una manufaa. Katika mita 1,134 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko pwani, na joto la mchana huipunguza zaidi. Roketi ile ile itapanda juu kidogo zaidi Mbita kuliko Malindi. Mnara wa kurushia uwekwe nyuzi chache tu kutoka wima.

Upepo ndio mwalimu mkali. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka. Wavuvi wa omena, wanaotoka usiku na taa zao, wanazijua tabia hizi kuliko mtaalamu yeyote, na ni busara kuwauliza. Saa zinazofaa ni za asubuhi, upepo wa usiku ukiwa umekwisha na wa mchana haujashika kasi. Alasiri mawingu ya mvua yanapojikusanya juu ya milima ya Gembe na Gwassi, kazi isimamishwe.

Hesabu ya kupeperushwa ni rahisi. Roketi ikifungua parachuti mita 600 juu na kushuka mita 5 kwa sekunde, hukaa hewani dakika mbili. Upepo wa kilomita 18 kwa saa, ambao si mkali, utaisogeza mita 600. Mji wa Mbita umezungukwa na maji, na katika sehemu nyingi mita 600 kutoka ufuoni ni ziwani. Kwa sababu hiyo warukaji wa kimo hutumia parachuti mbili: ndogo kwenye kilele, kubwa karibu na ardhi.

Eneo lenyewe lina shughuli nyingi. Kuna kampasi ya Thomas Odhiambo ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kuna kivuko cha kwenda Luanda K'Otieno, kuna mashua za Mfangano na Takawiri, na ndege ndogo hupita kuelekea visiwani. Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, ina nyika pana inayovutia macho, lakini ni makazi ya wanyamapori wanaolindwa na nyasi zake kavu hushika moto upesi. Haifai. Kinachotafutwa ni uwanja mpana ulio mbali na ufuo, usio na nyasi kavu, ambao mwenyewe ametoa idhini.

Kanuni za chama cha kitaifa cha wanaroketi cha Marekani zinaweza kuwa kipimo kizuri. Kwa mota ya daraja C uwanja usipungue takriban mita 120 kila upande, kwa D mita 150, na kwa E hadi G mita 300. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, hakuna kurusha. Mota ikikataa kuwaka, umeme ukatwe na mtu asiisogelee kwa dakika nzima. Kwa roketi ya hatua mbili jumla ya msukumo wa mota zote ndiyo huhesabiwa, na kuongeza nafasi zaidi ya hiyo ni busara.

Tusidhani kwamba suala la vipande vinavyoanguka ni la wageni. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. KSA ilisema kuwa tathmini ya awali ilionyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Hakuna aliyeumia. Kila hatua inayotupwa, iwe ya gramu 26 au ya kilo 500, huangukia mahali fulani, na aliyeirusha ndiye mwenye wajibu wa kujua ni wapi.

Kimo kinavyothibitishwa

Macho ya mashabiki hayawezi kupima kimo. Njia ya zamani ni ya pembe. Mtazamaji aliye mita 200 kutoka mnara akiona roketi kwenye kilele ikiwa nyuzi 60 juu ya upeo, kimo chake ni takriban mita 346. Hata hivyo, hesabu hiyo ni sahihi tu ikiwa roketi ilipanda wima kabisa. Watazamaji wawili walio pande tofauti, kila mmoja akisoma pembe mbili, ya juu na ya ulalo, huondoa kosa hilo. Vipimo vyao visipokubaliana, mruko hauhesabiwi.

Njia ya kisasa ni kipimakimo cha shinikizo la hewa, kifaa kidogo kuliko kidole gumba. Katika mwinuko wa Mbita, shinikizo hupungua hektopaskali moja kwa takriban kila mita 9 au 10 za kupanda. Chumba chake sharti kitobolewe vitundu laini ili hewa iingie bila vurugu, na usomaji wake uanzie sifuri kwenye mnara. Anayetangaza kimo kwa kujumlisha mita 1,134 za ziwa anajidanganya mwenyewe.

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI) husimamia rekodi za roketi za kielelezo, na kimo kina daraja lake liitwalo S1. Wanaoshindania daraja hilo aghalabu hutumia hatua mbili. Sharti linaloumiza wengi ni kwamba kifaa hurejeshwa na kusomwa mbele ya waamuzi. Kilichozama ziwani hakina ushahidi wa kutoa.

Sheria na pa kuanzia

Nchini Kenya, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, hairuhusu mtu kutengeneza vilipuzi bila leseni, na uagizaji wake pia unahitaji kibali. Mwalimu asidhani kwamba neno “kielelezo” humwondolea wajibu huo. Aandikie wizara inayohusika na madini kuhusu mota, na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA) kuhusu anga. Chifu, polisi na kamati za usimamizi wa fuo (BMU) nao wajulishwe mapema. Fueli isichanganywe jikoni wala maabarani mwa shule. Kazi hiyo imekata vidole na kupofusha macho ya wengi duniani, na hakuna kimo kinachostahili malipo hayo.

Kwa klabu isiyo na vibali, mlango haujafungwa. Chupa ya plastiki ya soda ya lita 2, iliyojazwa maji hadi theluthi na kusindikwa hewa kwa pampu ya baiskeli, hufuata kanuni ile ile ya Tsiolkovsky. Wanafunzi wavae miwani ya kukinga macho, wavute kamba ya kuifyatua wakiwa mbali, na chupa ya glasi isitumike kamwe. Si mchezo wa watoto tu. Mwaka wa 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipeleka roketi ya maji mita 830 na kuweka rekodi ya dunia.

Mpango unaofaa ni wa ngazi. Muhula wa kwanza ni wa chupa ya maji ya hatua moja na upimaji wa pembe. Wa pili, hatua mbili za maji, ili wanafunzi waone kwa macho yao jinsi kuachana kunavyoweza kwenda mrama bila moto kuwepo. Wa tatu, kompyuta ndogo ya jairoskopu irushwe ndani ya chupa, isiwashe chochote, iandike tu ni nyuzi ngapi roketi iliinama na katika sekunde gani. Klabu itakayokuwa na daftari la miruko 20 ya aina hiyo itakuwa na jambo la kuwaonyesha wanaotoa vibali. Pia itajua, kwa takwimu za upepo wa Mbita wenyewe, ni wakati gani hatua ya pili inastahili kuwaka na ni wakati gani inapaswa kunyimwa moto.